Kimya cha Feni Si Afya ya Kompyuta

Mwezi uliopita ilitufikia barua kutoka Kilosa, imeandikwa na mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye husoma ukurasa huu pamoja na watu wa nyumba yake. Barua yenyewe ilikuwa fupi, lakini ilijaa masikitiko. Asema ya kwamba kompyuta mpakato yao, ile ambayo watu wengi huiita laptopu, imepatwa na maradhi asiyoyaelewa. Ikiwashwa, haipiti robo saa ila imekuwa ya moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Herufi hazitokei kwenye kioo mpaka vidole vimekwisha kuondoka. Kisha huzimika ghafula, na kazi yote ambayo haijahifadhiwa hupotea.

Lau mambo yangalikuwa ni hayo tu, tungalimjibu kwa mistari michache. Lakini yalikuwako mengine mawili. La kwanza, mama huyu ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, na hesabu zao za miaka mitatu, yaani nani ameweka kiasi gani na nani anadaiwa kiasi gani, zimo ndani ya kompyuta hiyo, wala hapana nakala mahali pengine. La pili, baba wa nyumba, ambaye kazi yake iko Mikumi na hurudi nyumbani mwisho wa juma, amemshika binti yao mkubwa kwamba ndiye aliyeiharibu kwa kuchezea mambo yasiyomhusu. Binti amekana. Tangu siku hiyo baba na mwanawe hawasemezani ila kwa lazima. Na fundi mmoja waliyempelekea alisema ati programu zimeharibika, na dawa yake ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Mama akaogopa kufuta, akatuandikia.

Katika barua hiyo ilikuwamo sentensi moja, imewekwa mwishoni kama jambo lisilo na uzito. Mama aliandika kwamba feni ya kompyuta, ambayo kwa muda wa miezi miwili ilikuwa ikivuma kama mashine ya kusaga, siku hizi imetulia kabisa, na nyumba nzima ilifurahi kupata utulivu.

Tulipofika hapo tuliukumbuka msemo wa wahenga ya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Tukampigia simu siku ile ile, tukamwambia maneno mawili: asikubali mtu yeyote kufuta chochote, na asiiwashe tena mpaka tuonane.

Yafaa kwanza tueleze feni hiyo ina kazi gani, maana asiyejua kazi ya kitu hawezi kujua hasara ya kukikosa. Ndani ya kompyuta mna kipande kidogo kiitwacho prosesa, nacho ndicho kifanyacho hesabu zote. Umeme upitao ndani yake hugeuka kuwa joto. Joto hilo halina budi kutolewa nje kwa haraka, ama sivyo prosesa itaungua. Kwa hiyo juu yake hulazwa bomba bapa la shaba, na ndani ya bomba, aghalabu, mna maji kidogo sana yaliyofungiwa pasipo hewa. Upande wa moto maji hayo huwa mvuke. Mvuke hukimbilia upande wa baridi, ukawa maji tena, yakarudi yalikotoka. Mama wa nyumbani huliona jambo hili kila siku chini ya mfuniko wa sufuria ya wali. Bomba la namna hii lilitengenezwa na George Grover katika maabara ya Los Alamos, Marekani, mwaka 1963, na leo limo katika kompyuta mpakato nyingi ulimwenguni. Mwisho wa bomba kuna mapezi membamba ya chuma, na nyuma ya mapezi ndiko iliko feni, ipulizayo hewa ili kulisukuma joto nje.

Basi feni ikifa, maji yatazunguka bure ndani ya bomba, kwa kuwa joto halina pa kwendea. Waliotengeneza prosesa walilijua hilo, wakaweka kinga mbili. Joto likikaribia mpaka uliowekwa, ambao kwa prosesa nyingi ni kati ya nyuzi 95 na 105 za sentigredi, prosesa hupunguza mwendo wake yenyewe ili ipoe. Hiyo ndiyo sababu ya herufi kuchelewa. Na ikiwa joto lazidi kupanda, mashine hujizima ili isiungue. Hiyo ndiyo sababu ya kuzimika ghafula. Kwa hiyo mambo mawili ambayo mama yule aliyaita ugonjwa, hayakuwa ugonjwa, bali ni mashine ikijiokoa.

Jumamosi tulishuka Kilosa kwa treni ya umeme, ambayo ilianza safari zake za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Mji wa Kilosa uko bondeni, kando ya mto Mkondoa, na milima imeuzunguka. Katika miezi ya jua kali joto la mchana hupita nyuzi 30, na vumbi la barabara huingia hata kwenye kabati lililofungwa. Tumetaja hayo kwa sababu. Watengenezaji wengi wa kompyuta mpakato huandika katika vitabu vyao ya kwamba mashine hizo zitumiwe mahali ambapo joto la hewa halizidi nyuzi 35. Maana yake ni kwamba saa nane ya mchana Kilosa, chumbani chini ya bati, kompyuta iliyo nzima kabisa yafanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake. Haina akiba ya kuvumilia feni mbovu.

Tulilala pale, na asubuhi, mara baada ya sala ya Alfajiri, wakati hewa ni baridi kuliko saa zote za siku, tukaanza kazi. Hatukuanza na feni. Tulianza na hesabu za akina mama. Tuliiweka kompyuta juu ya meza tupu, tukaliweka pembeni yake pangaboi la mezani lipulize kwa nguvu, kisha tukaiwasha na kunakili daftari lile la hesabu kwenye flashi mbili. Kazi hiyo haikuchukua dakika tano, na mashine haikupata nafasi ya kuchemka. Flashi moja alipewa mama, nyingine tukamwambia aipeleke kwa mweka hazina siku hiyo hiyo. Twawaambia wasomaji wetu: mashine ikionyesha dalili ya kufa, okoeni kwanza kilichomo ndani yake, kisha ndipo mtafute ugonjwa. Chuma hununuliwa dukani. Amana ya watu ikipotea hainunuliwi.

Baada ya hapo tulitaka kujua jambo moja tu: je, feni imepumzika au imekufa? Swali hili ni la maana, kwa sababu si kila feni iliyo kimya ni mbovu. Kompyuta ikiwa baridi na haina kazi kubwa, feni huweza kusimama kwa haki yake. Tena ziko kompyuta zisizo na feni kabisa, kama MacBook Air zilizotolewa tangu mwishoni mwa mwaka 2020. Lakini kompyuta iliyozoea kuvuma, nayo ni ya moto na feni yake haisikiki, hiyo ina neno.

Njia ya kupima ni nyepesi, na kila nyumba yaweza kuifanya. Mwachie mashine ipoe kabisa, halafu iwasheni huku sikio moja liko karibu na matundu ya hewa. Feni nyingi huzunguka kwa muda mfupi mara tu mashine inapowashwa. Kisha chukueni kipande chembamba cha karatasi laini, mkishike mbele ya tundu la kutolea hewa. Mashine ikiisha kuwa ya moto na karatasi yatikisika, feni yafanya kazi, na huenda shida iko kwingine. Karatasi ikisimama kama ilivyo, ama feni haizunguki, ama njia ya hewa imezibwa. Vilevile angalieni kioo wakati wa kuwasha. Kompyuta kadha wa kadha hutoa onyo kuhusu feni kabla ya kufunguka. Baadhi ya zile za HP huandika namba 90B, na maana yake ni kwamba feni haifanyi kazi sawasawa. Ya Kilosa haikuandika kitu, lakini karatasi yetu haikutikisika hata kidogo.

Tulipima na jambo la pili, ili tusimdhulumu mtu. Tulibonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, likafunguka dirisha lionyeshalo programu zinazofanya kazi na nguvu zinazotumia. Lau ingalikuwako programu mbaya iliyoingizwa na binti, ikiitumikisha prosesa usiku na mchana, tungaliiona pale juu kabisa. Hatukuona kitu. Mashine ilikuwa imekaa bure, na bado ilikuwa inachemka. Hapo tulijua ya kwamba kufuta programu zote kungaliwapotezea akina mama hesabu zao, na feni isingalizunguka hata mara moja.

Baba alikuwa amekaa mlangoni akitutazama. Hakusema neno.

Kwa kuwa mjini Mikumi yuko fundi ambaye baba amjua, na kwa kuwa baba alikuwa anarudi kazini jioni, tulikwenda pamoja, sisi, baba na binti, ambaye mama alitaka aende aone kwa macho yake. Binti aliipakata kompyuta imezimwa, imefungwa katika kanga. Safari nzima hapakuwa na mazungumzo baina yao.

Mikumi iko kando ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia, karibu na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Malori hayakatiki hapo mchana wala usiku. Tulipofika tulikuta lori moja limeegeshwa kando, boneti iko wazi na mvuke unatoka. Baba alimuuliza dereva kulikoni. Dereva, mtu mzima mwenye mvi, alijibu kwa utulivu, "Mkanda wa feni umekatika, mzee. Maji yamechemka." Baba akauliza kama hakusikia sauti yoyote. Dereva akacheka. "Mkanda ulipokuwa unakwisha ulilia njia nzima. Ulipokatika ukanyamaza. Anayengoja sauti ataua injini. Mimi hutazama kipimo cha joto." Alisubiri injini ipoe kwanza kabla ya kuugusa mfuniko wa rejeta, maana kila mtu wa njia ile ajua ya kwamba ukiufungua ukiwa wa moto utaungua uso.

Baba alimtazama binti yake, kisha akatazama chini. Tuliliona hilo, tukanyamaza.

Fundi wa Mikumi alikuwa kijana mpole, na kazi yake ilitufurahisha kwa sababu hakuwa na pupa. Alihakikisha kompyuta imezimwa na chaja imechomolewa. Alifungua mfuniko wa chini kwa bisibisi ndogo, akazipanga skrubu juu ya karatasi kwa kufuata mahali zilipotoka, kwa kuwa hazilingani urefu. Kabla ya kugusa kitu kingine alichomoa waya wa betri. Kisha akatuita tuone.

Baina ya feni na mapezi palikuwa na vumbi lililoshikamana na nyuzi za nguo na nywele, nene kama kipande cha blanketi. Hewa isingaliweza kupita hapo hata kwa dhoruba. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya mvumo wa miezi miwili: feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote, na joto halitoki. Fundi alilitoa blanketi lile kwa burashi laini, akapuliza vumbi lililobaki kwa kipulizio, huku amezishika mbawa za feni kwa kidole zisizunguke. Alitueleza ya kwamba feni ikizungushwa kwa upepo mkali kupita kiasi huharibika. Alitukataza pia kupuliza kwa mdomo, kwa kuwa pumzi ina umajimaji.

Baada ya kusafisha alizisukuma mbawa kwa kidole. Feni nzima huzunguka kwa wepesi na kuendelea kidogo baada ya kuachwa. Hii ilikwama. Mafuta ya kwenye mhimili wake yalikuwa yamekauka, na vumbi limeingia mahali pake. Hata hivyo fundi hakuihukumu upesi. Alihakikisha waya wake umechomekwa vizuri, akapima kwa mita kama umeme unaifikia, nao kwa feni nyingi za namna hii ni volti 5. Umeme ulikuwapo. Kama usingalikuwapo, ugonjwa ungalikuwa katika bodi yenyewe, na hiyo ni kazi nyingine na gharama nyingine. Lakini umeme upo na feni haizunguki: hapo hapana shaka tena, feni imekufa, ibadilishwe.

Feni mpya iliagizwa Kariakoo, Dar es Salaam, kwa kutaja namba iliyoandikwa juu ya ile ya zamani, kwa maana feni za kompyuta hufanana kwa macho na kutofautiana kwa matundu ya skrubu. Ililetwa kwa basi baada ya siku nne. Fundi aliifunga, akafuta pesti ya joto iliyokauka juu ya prosesa, akaweka mpya kiasi cha punje ya mchele. Pesti hiyo huziba nafasi ndogo ndogo baina ya prosesa na shaba, ambazo hewa ikikaa humo joto halipiti vizuri. Kompyuta ikawashwa, na feni ikasikika, sauti ndogo kama ya mtu apumuaye usingizini. Baba aliiwekea mkono kwa muda mrefu. Haikumchoma.

Twaambiwa na mama ya kwamba mwisho wa juma lile baba aliporudi Kilosa na kompyuta, alimwita binti mbele ya wote waliokuwapo alipomlaumu, akamwambia, "Mwanangu, nilikusingizia. Niwie radhi." Mama aliandika kwamba maneno hayo yalimfurahisha kuliko kupona kwa kompyuta, nasi twamwafiki.

Tukio hili limetupa mambo ambayo twapenda kila nyumba iyashike. Kompyuta ikianza kuvuma kuliko desturi yake, huo ndio wakati wa kuisafisha, msingoje inyamaze. Mahali penye vumbi kama Kilosa na Mikumi yafaa ifunguliwe na kusafishwa walau mara moja kila mwaka. Isitumiwe juu ya godoro, mto wala zulia, kwa sababu matundu ya nyingi yako chini, nayo huzibwa. Isiachwe ndani ya gari lililosimama juani. Ikichemka, msiitie katika friji kama tulivyosikia watu wafanyavyo. Unyevu utaganda ndani yake na kuleta msiba mwingine. Na mkiona mfuniko wa chini umevimba, zimeni, wala msiitie chaja tena: betri imeharibika, na ikitobolewa huweza kuwaka moto. Hiyo si kazi ya kujaribiwa nyumbani.

Na zaidi ya yote, jambo likiharibika nyumbani, tusianze kwa kuuliza ni nani aliyeharibu. Tuulize kwanza ni nini kilichoharibika. Kipande cha karatasi laini mbele ya tundu la hewa kilitosha kumwondolea binti yule lawama ya majuma kadhaa, lakini kabla ya hapo hapakuwa na mtu aliyekishika.

Wasomaji wenye mashaka kama haya katika vyombo vyao vya nyumbani na watuandikie, waeleze walichokiona na walichokisikia, hata kile wanachokiona hakina uzito. Huenda sentensi ya mwisho ya barua yao ndiyo itakayotuonyesha dawa.